Bibi Shamba anajibu: Maji yakipanda juu yanaenda wapi?

Wapendwa wasomaji, habari za huko mliko. Barua za safari hii karibu zote ni za maji, na nilipokaa kuzipanga nikaona wengi mnaulizia kitu kilekile bila kukitaja jina, yaani yale maji yanayoondoka shambani, bondeni au ziwani yakapanda juu kama mvuke na hamna mtu aliyeyaona yakiondoka. Wataalamu wana neno lao refu, ivapotranspiresheni. Maana yake ni mvuke unaotoka kwenye udongo na kwenye maji ya wazi, ukijumlisha na ule ambao mimea inautoa kwa majani. Mi kwenye mafunzo ya wakulima nimezoea kuuita jasho la shamba na humu ntaendelea hivyohivyo. Msiuone mdogo, kwa dunia nzima zaidi ya nusu ya mvua inayonyesha nchi kavu inarudi hewani kwa njia hii, inayofika baharini kwa mito ndo ile iliyobaki. Sasa twende kwenye barua.

SWALI, kutoka Makambako: Shikamoo Bibi Shamba. Marehemu baba alituachia bonde lenye chemchemi, na kuizunguka alipanda mikaratusi kama 200 mwaka 2009. Zamani mama alilima vinyungu (bustani za bondeni) pale mpaka mwezi wa kumi, saa hizi mwezi wa nane tu pamekauka na maji tunafuata mbali. Kamati ya mazingira ya kijiji inasema tukate. Kaka yangu anasema miti ndo inaleta mvua, tukikata tunaleta jangwa, na pia miti ni hela. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuondokewa na mzee. Kabla sijasema nani yuko sahihi naomba ufanye kitu kimoja. Chukua mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, ule wa kufungashia mkate unatosha, asubuhi jua likishachomoza uuvishe kwenye tawi la mkaratusi lenye majani ya kutosha, funga mdomo kwa kamba, afu rudi baada ya saa mbili. Utakuta mfuko umetoka ukungu ndani na chini kwenye kona kuna maji yamejikusanya. Hayo maji yametoka kwenye majani, na majani yameyatoa kwenye mizizi, na mizizi imeyatoa palepale mama alipokuwa anachota. Hiyo ni saa mbili na tawi moja, sasa hesabu matawi ya miti 200 kwa kiangazi kizima.

Mti hauna ubaya kufanya hivyo. Jani lina matundu madogo mno, linayafungua ili livute hewa ya kujitengenezea chakula, na likiyafungua tu maji yanatoka, haliwezi kupata kimoja likaacha kingine. Kwenye kila lita 100 zinazonyonywa na mizizi kama lita 97 na zaidi zinapita tu na kutokea kwenye majani, kinachobaki mwilini mwa mti ni kidogo sana. Kwa hiyo mti unaokua haraka, usiopukutisha majani kiangazi, wenye mizizi inayokwenda chini kufuata maji popote yalipo, huo utatoa jasho jingi kipindi ambacho chemchemi yako haina mvua ya kuijaza. Mkaratusi (wengine huko kwenu mnauita mlingoti) una sifa zote tatu.

Na hili halikuanza kwa kamati ya kijiji chenu. Afrika Kusini, sehemu inaitwa Mokobulaan, watafiti walichukua kibonde cha nyasi chenye kijito wakakipanda mikaratusi mwaka 1969. Mwaka wa tisa kijito kikakauka kabisa. Miti ilipofikisha miaka 16 ikakatwa, na unajua maji yalirudi lini? Baada ya miaka kama mitano. Kwa sababu mizizi ilishaunyonya udongo mpaka chini kabisa, na mvua za mwanzo zote zikawa zinaenda kulipa lile deni kabla ya tone moja halijatokeza kijitoni. Nakwambia hili mapema ili msikate leo, msimu ujao mkiona bado pakavu kaka akasema si unaona, Bibi Shamba alitudanganya. Vumilieni. Kenya nako mwaka 2009 aliyekuwa waziri wa mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyopandwa kwenye vyanzo vya maji na maeneo oevu iondolewe, na ugomvi ulikuwa mkubwa kwa sababu hiihii ya kaka, kwamba miti ni hela.

Sasa ngoja nimtetee kaka kidogo, maana na yeye hajasema uongo mtupu. Misitu mikubwa kwelikweli inachangia mvua. Kule Amazon mtaalamu wa Brazil, Eneas Salati, miaka ya 1970 alipima maji ya mvua akaonyesha kwamba karibu nusu ya mvua ya bonde lile ni maji ambayo msitu wenyewe uliyatoa jasho, yakawa mawingu, yakanyesha mbele, yakanyonywa tena yakapanda tena. Lakini ule ni msitu wa maelfu ya kilomita, upepo unasafiri juu yake siku nyingi. Jasho la mikaratusi 200 ya Makambako linabebwa na upepo na kama likinyesha litanyesha kwa watu wengine huko mbali, na mvua yenu nyie unyevu wake mwingi unaletwa na upepo wa Bahari ya Hindi. Chemchemi inakopesha, anayelipwa ni mwingine.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo nasikitika halifundishwi. Kuanzia 1958 kwenye safu ya milima ya Mbeya walichagua mabonde mawili jirani, moja lina msitu wa asili na jingine wananchi wanalima kwenye miteremko, wakapima mvua na maji ya mto kwa takriban miaka kumi. Majaribio kama hayo yalifanyika pia Kericho na Kimakia kule Kenya. Wengi walitegemea bonde la msitu ndo litakuwa na maji mengi. Ikawa kinyume, bonde la mashamba ndilo lilitoa maji mengi zaidi mtoni, hata kiangazi, kwa sababu mahindi yakishavunwa hayatoi jasho tena wakati msitu unaendelea mwaka mzima. Najua kuna watakaokimbilia shoka wakisoma hapa, subirini kwanza. Udongo wa pale ni wa majivu ya volkano, una matundu, unameza mvua hata ukilimwa. Kwenye udongo mwingine, ule unaojifunga juu ukawa kama sakafu, ukifyeka msitu mvua inateleza yote na matope yake, haiingii chini, na kiangazi mto unakufa. Mti unakunywa, ndiyo, lakini na yale majani yaliyooza chini yake na mizizi iliyotoboa udongo ndo vinavyofungua mlango wa maji kuingia ardhini. Kwa hiyo usinielewe vibaya, msitu wa kilele cha mlima uacheni. Ninachosema ni kwamba mkaratusi haukai mdomoni mwa chemchemi.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazoharibu chanzo ndani ya mita 60, basi pimeni mita 60 kwa kamba kutoka kwenye jicho la chemchemi na mkate iliyo humo. Miti ya 2009 sasa hivi ni nguzo na mbao safi, muuze kwa pamoja mpate bei, hela ya kaka haipotei. Visiki msivichimbue udongo utaondoka na mvua, ila hakikisheni machipukizi yanakatwa kila yanapotokea mpaka visiki vichoke, maana mkaratusi ukiuacha unachipua matawi manne pale palipokuwa na moja na mtakuwa hamjafanya kitu. Karibu na maji rudishieni mivengi na mikuyu michache, kwa nafasi, sio msongamano, kwa sababu na yenyewe inakunywa ila haina pupa ileile, na acheni nyasi na matete yaliyoota yenyewe. Kaka akitaka shamba la mikaratusi aende huko mgongoni mwa kilima, mbali na bonde. Na mama arudishiwe vinyungu vyake vya mboga nje ya hizo mita 60.

SWALI, kutoka Mbarali: Bibi Shamba, mimi ni mkulima wa mpunga, mama wa watoto watatu, niko kwenye skimu moja huku Usangu. Kila kiangazi tunasemwa kwamba sisi ndo tumeua mto Ruaha na umeme wa taifa. Lakini maji yakishapita kwenye majaruba yangu si yanarudi mtoni? Mbona hatuelewani na hawa wataalamu?

JIBU: Mama, umeuliza swali ambalo watu wazima wenye magari na vipaza sauti wamezozana nalo miaka 30, na nusu ya jibu umeshalitoa mwenyewe. Maji yakiingia jarubani yanagawanyika njia tatu. Mengine yanazama chini, mengine yanatoka kwa mfereji wa kutolea, na mengine yanapanda juu. Yale mawili ya kwanza kweli mengi yanarudi, jirani wa chini anayatumia, au yanaibukia mtoni. Ya tatu ndo yameondoka Usangu moja kwa moja. Kwa hiyo mtu akisimama kwenye banio akapima lita zinazoingia mferejini afu akasema wakulima wamekula zote hizi, huyo amekosea hesabu. Kilicholiwa ni jasho tu.

Ila sasa na jasho lenyewe lina aina mbili na hapa ndo ntakubana na wewe kidogo. Lile linalopita kwenye jani la mpunga limekupa chakula, kilo moja ya mchele imekula lita zaidi ya elfu moja na huwezi kuikwepa sana, mpunga ni mpunga. Lakini lile linalopanda kutoka kwenye maji ya wazi, jaruba limefurika na hamna mche hata mmoja ndani yake, hilo halijakupa chochote. Nimekaa Usangu misimu kadhaa, nimeona mwezi wa kumi, jua linaunguza, watu wanajaza majaruba mapema ili wawahi kupandikiza wauze mchele wa kwanza wakati bei iko juu. Naelewa kabisa, bei ile ndo ada ya shule. Lakini mwezi huo mto ndo uko chini kuliko wakati wote, na jaruba la maji matupu lina kina cha vidole vitatu linashuka kila siku, unaongezea, linashuka, unaongezea. Ukitembea asubuhi juu ya tuta unaona ule mstari wa matope meupe pembeni unaonyesha jana maji yalikuwa wapi. Huo mstari ndo Ruaha inayopanda mbinguni.

Na huko mbele kuna kinamasi cha Ihefu, wengi hawaelewi inavyofanya kazi. Ihefu ni kama sinia kubwa la bati lenye mdomo mmoja wa mwamba kule Ng'iriama. Maji ya mito yote ya Usangu yanaingia humo, na ili hata ndoo moja itoke kwenda kwenye hifadhi ya Ruaha lazima sinia lijae mpaka mdomoni. Sasa sinia lenyewe lipo juani, lina matete na maji ya wazi, linatoa jasho usiku na mchana. Maji yanayoingia yakiwa pungufu ya jasho lake, maji yanashuka chini ya mdomo na mto upande wa pili unasimama, hata kama ndani ya Ihefu maji bado yapo mengi tu. Ndo kilichoanza kutokea tangu 1993, mto Ruaha Mkuu ukakatika kiangazi hifadhini, viboko wakabaki wamebanana kwenye vidimbwi. Ndo maana kiasi kidogo tu kinachoongezeka au kupungua kwenye mabanio yenu miezi ile ya ukame kinaamua mto uende au usimame. Masika mnaweza kuchukua mengi na hamna atakayehisi.

Kuhusu umeme msikubali kubeba zigo lote peke yenu. Bwawa la Mtera, lile linalopokea maji ya Ruaha kwa ajili ya umeme, ni pana na halina kina sana, likijaa ni kama kilomita za mraba 600 za maji yaliyoanikwa juani kwenye sehemu kavu na yenye upepo, na lenyewe linatoa jasho zaidi ya mita moja na nusu kwa mwaka. Halafu maji mengi ya Mtera yanaingia masika, sio ule mwezi wa kumi mnaogombana.

Kuna wanaosema basi Ihefu ikaushwe, uchimbwe mfereji mto upite pembeni, maji yasipotee. Jamani. Wazo hilo lilijaribiwa Sudan Kusini, kule Sudd ambako Nile Nyeupe inaacha karibu nusu ya maji yake kwa jasho la kinamasi. Mfereji wa Jonglei ulianza kuchimbwa 1978, ulipangwa kilomita 360, vita vikasimamisha kazi miaka ya mwanzo ya 80 na umebaki handaki. Wafugaji na wavuvi wa kule hawakuuona kama mradi wa kuokoa maji, waliuona ni wa kuwanyang'anya nyasi na samaki, kwa sababu yale yaliyoitwa maji yanayopotea ndo yaliyokuwa majani ya ng'ombe wao. Ihefu nayo ni ndege, ni samaki, ni malisho. Jasho la Ihefu lina kazi.

Kwa upande wako, zungumzeni kwenye chama chenu cha umwagiliaji mkubaliane kuchelewesha kidogo kulowesha majaruba, vitalu vya miche muweke pamoja sehemu moja karibu na banio badala ya kila mtu kupeleka maji kilomita tatu kwa ajili ya kakitalu kake, na mkishavuna banio lifungwe kweli, libaki la kunywa na mifugo tu. Kilimo shadidi nacho kiangalieni, unapandikiza mche mchanga mmoja mmoja kwa nafasi, unaacha udongo ukauke kidogo kati ya mwagilio na mwagilio, maji ya wazi yanapungua. Ila palizi inaongezeka sana sikufichi, magugu yanapenda udongo usiofurika, na palizi inaangukia kwa kina mama. Anza na jaruba moja.

SWALI, kutoka Mbagala, Dar: Nyumba yetu tulikata mwarobaini na mwembe tukaweka pavingi uwanja mzima upendeze. Sasa hivi hata saa mbili usiku ukuta unachemka. Ni sisi au ni hali ya hewa imebadilika?

JIBU: Vyote, ila nyie mmejiongezea. Chemsha lita moja ya maji kwenye sufuria, angalia saa. Kama imechukua robo saa kuchemka, iache hapohapo motoni mpaka sufuria ikauke, itachukua zaidi ya saa moja na nusu. Joto lote hilo la ziada halikupandisha moto wa maji hata kidogo, lilikwenda kuyageuza mvuke tu. Basi mti ukitoa jasho unalichukua joto namna hiyohiyo kutoka hewani na kwenye jua, na mwembe mkubwa wenye maji chini unaweza kutoa lita 100 kwa siku. Nimepiga hesabu, ni sawa na joto linaloondolewa na eisii ya BTU 12,000 ikiwashwa kama saa 19. Tofauti ni kwamba mti unaufanya ubaridi nje kwenye upepo na unatawanyika, hautakaa chumbani kwako. Pavingi haina cha kutoa jasho, jua lote linalala ndani yake na usiku inakurudishia.

Lakini Dar ina unyevu mwingi hewani, jasho haliendi haraka. Ndo maana mtungi wa bibi kule Dodoma unatoa maji ya baridi mpaka meno yanauma, ule ule ukiupeleka Pwani maji ni ya kawaida tu. Kwa hiyo kwenu faida kubwa zaidi ya mti ni kivuli. Toeni pavingi upande wa magharibi linakochwea jua, hata mita mbili tu, mpande mti na mwacheni udongo wake wazi. Mwarobaini unakua haraka.

SWALI, kutoka Musoma: Bibi, mwaka 2020 ziwa lilitufuata mpaka ndani, tulihama. Wazee wakasema Uganda wamefunga bwawa Jinja. Miaka mingine likishuka wanasema Uganda wamefungulia. Ukweli uko wapi?

JIBU: Poleni sana na kuhama, nilikuwa na ndugu mwaloni huko najua mlivyoteseka. Bwawa la Jinja lipo tangu 1954 na linaweza kuongeza au kupunguza, sikatai. Ila lango kubwa la ziwa Victoria haliko Jinja, liko juu. Ziwa lina kilomita za mraba karibu 68,800, na kwa wastani kina chake ni mita 40 tu, yaani ni pana ila halina kina kirefu. Kila mwaka linatoa mvuke kama mita moja na nusu, ukizidisha kwa ule upana unapata takriban kilomita za ujazo 100 zinazopanda hewani, na Nile inayotoka Jinja ni kama theluthi ya hapo. Kuingia nako ni hivyohivyo, kama asilimia 80 ya maji ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, mito yote, Kagera, Mara, Nzoia na wenzake, inaleta kilichobaki.

Kwa hiyo mvua na mvuke ni kama watu wawili wenye nguvu karibu sawa wanavutana kamba, mmoja akiteleza kidogo tu kamba inakwenda. Mwishoni mwa 2019 maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalikuwa na joto kuliko kawaida, mvua za vuli zikapitiliza, na mawingu nayo yakifunika jua mvuke unapungua. Mmoja ameongezewa nguvu mwenzake amechoka. Mei 2020 ziwa likavunja rekodi ya 1964. Na wavuvi mnajua zile radi za usiku katikati ya ziwa, mchana upepo unavuma kwenda nchi kavu, usiku unatoka nchi kavu kuingia ziwani, unakutana katikati na unyevu ambao ziwa limeutoa lenyewe, mvua inamwagika palepale. Sehemu ya jasho la ziwa inarudi ziwani. Kwa mtu wa pwani ya ziwa ushauri wangu ni kujenga juu ya alama ya 2020, sio juu ya ulipokuta maji ulipokwenda kununua kiwanja.

SWALI, kutoka Dodoma: Nina robo eka ya nyanya, namwagilia kwa matone, maji nanunua kwa boza. Jirani ananiambia mwagilia kila siku kwa muda wa saa moja, mwingine kwa saa mbili. Nitajuaje kiasi sahihi? Boza inanimaliza.

JIBU: Usifuate saa ya jirani, fuata jasho la shamba lako. Mwaka 1948 Mwingereza Howard Penman aliandika hesabu ya kukadiria jasho kwa kutumia jua, joto, upepo na unyevu, na hadi leo wataalamu wa umwagiliaji wanatumia iliyoboreshwa kutoka hapo. Ila wewe unaweza kutumia beseni.

Tafuta beseni pana lenye kuta zilizosimama wima, sio la kutanuka juu. Liweke wazi juani karibu na shamba juu ya matofali mawili, jaza maji yabaki vidole vitatu kufika ukingoni, kila asubuhi saa moja kamili shusha rula ndani usome yameshuka milimita ngapi, afu rudisha palepale. Ikinyesha siku hiyo usihesabu. Tuseme yameshuka milimita 8. Beseni linapata joto na pembeni kwa hiyo linazidisha, zidisha kwa 0.7, unabaki na 5.6. Sasa angalia nyanya zako. Zikiwa bado miche midogo zidisha kwa 0.6, zikishafunika mistari na kuzaa zidisha kwa 1.15. Milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, robo eka ni kama mita za mraba 1,010, kwa hiyo miche midogo inahitaji kama lita 3,400 kwa siku na zikishazaa kama lita 6,500. Umeona mwenyewe tofauti, karibu mara mbili, na jirani anakupa saa zilezile kuanzia siku ya kwanza mpaka mavuno. Hiyo ni siku ya jua na upepo, siku ya mawingu beseni litashuka 4 na wewe unapunguza nusu, hapo ndo boza inapumzika.

Kwa matone unaweza kwenda chini kidogo ya hapo wakati miche ni midogo kwa sababu katikati ya mistari pamekauka, hapatoi jasho. Weka na matandazo, nyasi kavu au mabua ya uwele, unene wa kiganja, ila acha nafasi kidogo kwenye shina lisioze. Siku mbili za mwanzo baada ya kumwagilia kwa hesabu mpya, chimba kwa mkono karibu na mche mpaka urefu wa kiganja na vidole, bana udongo. Ukishikamana bila kutoa maji uko sawa, ukimomonyoka ongeza, ukichuruzika kati ya vidole punguza. Na beseni lifunike kwa wavu wa kuku, Dodoma kiangazi kila kitu chenye kiu kitakuja kunywa humo, mbuzi mmoja tu akipita hesabu ya wiki nzima imeharibika.